Kibarua wa Getini na Viwanda vya Athi River

Leo nazungumzia kazi ya kiwandani, na naanzia Kyumbi, pale barabara ya kwenda Machakos mjini inapoachana na barabara kuu ya Mombasa. Ukielekea Nairobi kutoka hapo unafika Athi River, kwenye viwanda vya saruji, vyuma, nyama, na nguo zinazoshonwa katika eneo la kuuza bidhaa nje, lile ambalo kila mtu huliita EPZ. Ukielekea Mombasa unakutana na Konza, ambako serikali inajenga mji wa teknolojia. Kwa hiyo watu wa Kyumbi wanaishi kati ya viwanda vilivyopo na viwanda vilivyoahidiwa, na vijana wao wengi, wasichana kwa wavulana, ama wamewahi kusimama kwenye geti la kiwanda wakisubiri kuchaguliwa, ama watasimama. Husemwa kwamba hali ngumu ndani ya viwanda hivyo ni ya mpito, kwamba kila nchi inapoanza kujenga viwanda lazima kizazi kimoja au viwili viumie, kisha mambo yatajinyoosha yenyewe. Mimi nasema kwamba hayajawahi kujinyoosha yenyewe popote. Yalinyooshwa na sheria yenye mkaguzi, na wafanyakazi walioungana. Tena nasema kwamba kwetu sisi, kinachoifanya sheria ilale ni desturi ya kumwajiri mtu kwa siku moja moja, hata akiwa amefanya kazi ile ile kwa miaka.

Tuanze na historia ya hapa nyumbani, kwa kuwa Machakos ilionja gharama ya kiwanda mapema kuliko wilaya nyingi. Mwaka 1938 kampuni ya Liebig ilifungua kiwanda cha nyama Athi River. Kiwanda cha namna hiyo kinahitaji ng'ombe wengi, tena wa bei ya chini. Wakati huo huo serikali ya kikoloni ilikuwa inasema kwamba ardhi ya Ukambani inamomonyoka kwa sababu mifugo imezidi, na kwamba lazima ipunguzwe. Sera hizo mbili zikakutana: Wakamba wakalazimishwa kuuza ng'ombe wao, na kiwanda kikapata malighafi. Julai mwaka huo Muindi Mbingu aliwaongoza maelfu ya watu, wanaume, wanawake na watoto, hadi Nairobi, wakapiga kambi wakidai kumwona gavana, Robert Brooke-Popham. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu, lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuuza mifugo kwa nguvu. Leo tunapita mtaa wenye jina lake katikati ya Nairobi bila kukumbuka kwamba chanzo cha safari yake, kwa sehemu kubwa, kilikuwa kiwanda cha Athi River. Baadaye, mwaka 1950, kiwanda hicho kikawa mikononi mwa Tume ya Nyama ya Kenya.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu inaonyesha jambo ambalo hesabu za kampuni haziandiki. Kiwanda kina gharama zinazolipwa kwa fedha, kama umeme, mitambo na malighafi, na kina gharama zinazosukumwa kwa watu ambao hawana sauti ya kukataa. Mwaka 1938 aliyesukumiwa alikuwa mfugaji wa Iveti na Matungulu. Leo ni kijana anayeshika chuma chenye moto bila glavu, au mama anayeshona akiwa amekaa kwenye kiti kisicho na egemeo kuanzia asubuhi mpaka jioni, akifukuzana na tageti. Gharama zile zipo. Swali ni nani anazibeba, na kwa idhini ya nani.

Sasa nije kwenye pingamizi la kwanza, ambalo ndilo kubwa. Watu wenye elimu hutukumbusha Uingereza. Wanasema: tazama Manchester na Leeds, watoto walifanya kazi kwenye viwanda vya pamba, watu walipumua vumbi mpaka mapafu yakaharibika, mikanda ya mitambo ilikata mikono, na leo nchi ile ni tajiri. Ni kweli yote hayo yalitokea. Lakini tusiishie kwenye ukurasa wa mwanzo na wa mwisho wa kitabu, tusome na wa katikati. Mwaka 1832 kamati ya Bunge, ikiongozwa na Michael Sadler, iliwaita wafanyakazi wenyewe watoe ushahidi kuhusu utoto wao viwandani, na ushahidi huo ukachapishwa nchi nzima ikausoma. Mwaka 1833 ikapitishwa sheria iliyokataza viwanda vya nguo kuajiri watoto wa chini ya miaka 9, na ikaweka mipaka ya saa kwa waliokuwa wakubwa kuliko hao. Kulikuwa na sheria nyingine kabla ya hiyo, tangu 1802, na zote zilibaki karatasi tu. Ya 1833 ilikuwa na meno kwa sababu moja: ilianzisha wakaguzi wanaolipwa na serikali, wenye haki ya kuingia kiwandani. Walikuwa wanne tu kwa nchi nzima. Wanne! Lakini waliandika ripoti, na ripoti zao zilipelekwa Bungeni na kusomwa na watu. Mmoja wao, Leonard Horner, alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 25, na wenye viwanda wengi walimchukia. Mwaka 1844 sheria ikalazimisha sehemu za hatari za mitambo zizungushiwe kinga. Mwaka 1847, baada ya miaka mingi ya mikutano na maandamano ya wafanyakazi, ikaja sheria ya saa kumi kwa wanawake na vijana, na ilipoanza kutumika kikamilifu mwaka uliofuata juma lao la kazi likawa saa 58.

Utaona basi kwamba kila hatua ina tarehe yake na watu wake. Hakuna hata moja iliyokuja kwa sababu faida iliongezeka na mwenye mali akaguswa moyo. Na wapinzani hawakukosa. Mwaka 1837 mwanauchumi Nassau Senior aliandika kwamba faida yote ya kiwanda cha pamba hupatikana katika saa ya mwisho ya siku, kwa hiyo ukipunguza saa hiyo umeua faida, na ukiua faida umeua kiwanda. Hoja yake ilikuwa na mahesabu na ilionekana ya kitaalamu. Saa zikapunguzwa, na viwanda vya pamba vya Uingereza vikaendelea kupanuka mpaka miaka ya 1860, vilipotikiswa na vita vya Marekani vilivyokatiza pamba, jambo ambalo halikuhusiana kabisa na saa za wafanyakazi. Ukimsikia mtu leo akisema kwamba kifuniko cha mashine au likizo ya ugonjwa kitafunga viwanda vya Athi River, jua kwamba hoja hiyo ina umri wa karibu miaka 190, na ilishajaribiwa ikashindwa.

Linganisha pia hili. Agizo letu la jumla la mishahara linaweka juma la kawaida la saa 52, katika siku sita. Waingereza walifika saa 58 mwaka 1848, kwa wanawake na vijana. Baada ya karne moja na nusu na zaidi, tukiwa na mitambo ambayo wao hawakuiota, tofauti kati yetu na wao wa wakati ule ni saa 6 kwa juma, tena kwa mfanyakazi ambaye hajalazimishwa ovataimu. Kwa hiyo anayesema tunaenda haraka mno katika haki za wafanyakazi hajaangalia saa.

Historia yetu wenyewe inasema vivyo hivyo. Mwaka 1937, chama kilichoongozwa na Makhan Singh kiliendesha mgomo Nairobi kwa siku 62, na waliogoma wakapata nyongeza ya mishahara na siku ya saa nane. Mwaka 1947 bandari ya Mombasa na mji mzima vilisimama kwa mgomo wa watu wapatao 15,000, na Chege Kibachia akawa sauti yao. Septemba mwaka huo huo, katika kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands, karibu na Limuru, polisi waliwafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma, wakaua watatu. Sheria ya viwanda ya Kenya ilipitishwa mwaka 1950, kwa kufuata mfano wa ile ya Uingereza. Naiweka tarehe hiyo karibu na zile nyingine makusudi, kwa sababu shuleni tunafundishwa sheria kama zawadi ya serikali, wakati mlolongo wa miaka unaonyesha kilichoitangulia.

Na kuna ushahidi mwingine wa hapa ambao unagusa moja kwa moja hoja yangu ya kibarua. Mwaka 1954 kamati iliyoongozwa na Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika, iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini katika kampuni binafsi walilipwa kiasi kisichotosha mahitaji ya lazima ya afya na utu. Ikasema chanzo chake ni kumlipa mfanyakazi kama mtu mmoja asiye na familia, anayekuja mjini kwa muda na kurudi kijijini, hivyo shamba la mke wake ndilo linalomlisha na kuwalisha watoto. Kamati haikuwa ya wanamapinduzi. Ilikuwa ya serikali ya kikoloni, katikati ya hali ya hatari, na bado ilitambua kwamba mtu asiye na uhakika wa kesho hawezi kuwa fundi mzuri. Katika bandari ya Mombasa, ambako kwa miongo mingi watu walichukuliwa kwa siku, mwaka huo huo ulianza mpango wa kuwasajili wapakizi, na mpaka kufikia mwanzo wa miaka ya 1960 kazi ya kibarua wa siku ilikuwa imegeuzwa polepole kuwa ajira ya mwezi. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1955, kulikuwa na mgomo mwingine, Tom Mboya akaingilia kati, na usuluhishi ukatoa nyongeza ya asilimia 33. Wapakizi wa Mombasa wakawa miongoni mwa wafanyakazi waliolipwa vizuri zaidi nchini. Bandari haikuhama. Meli ziliendelea kutia nanga Kilindini, na mizigo ikaongezeka.

Kwa nini basi nasisitiza kibarua kuliko mshahara, kuliko vumbi, kuliko joto? Kwa sababu hayo yote yanashikwa na fundo hilo. Fikiria kinachohitajika ili mashine ya hatari itengenezwe. Kwanza mtu anayeitumia aseme ina hatari. Sheria yetu ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inampa haki hiyo: anapoona hatari kubwa iliyo karibu anamwarifu msimamizi, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha pale mpaka hatari iondolewe. Ni kifungu kizuri kabisa. Lakini mkataba wa kibarua unakwisha jioni. Msimamizi hahitaji kumfukuza aliyelalamika, kwa kuwa hana ajira ya kufukuzwa. Kinachohitajika ni kutomnyooshea kidole kesho asubuhi getini. Hakuna barua, hakuna sababu, hakuna ushahidi. Haki iliyoandikwa vizuri inakufa pale pale, na hakuna aliyevunja sheria kwa namna inayoonekana. Ndiyo maana mtu ataendelea kuingiza mkono kwenye mashine anayojua imeshamkata mwenzake.

Tazama na haki nyingine. Likizo ya mwaka, siku 21 za kazi, hupatikana baada ya miezi 12 mfululizo. Malipo ya ugonjwa huanza baada ya miezi miwili mfululizo. Kamati ya usalama inatakiwa kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na wafanyakazi wawe na wawakilishi wao ndani yake. Nani atamchagua mwakilishi ambaye hajui kama kesho ataingia? Chama cha wafanyakazi kitamwandikisha vipi mtu asiye na hati ya mshahara inayoweza kukatwa ada? Fidia ya ajali peke yake ndiyo isiyojali aina ya mkataba: sheria ya fidia ya 2007 inamhesabu kibarua kama mfanyakazi, na mwajiri anatakiwa kumkatia bima. Lakini kijana aliyeumia siku yake ya tatu, ambaye jina lake liliandikwa kwa penseli kwenye daftari la wakala aliyemleta, ataanza safari ya kudai akiwa na kidonda na bila karatasi hata moja. Mawakala hawa wamezidisha ugumu, kwa maana kiwanda husema mtu huyu si wetu, na wakala husema mimi nilimleta tu.

Bunge lililiona hilo. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya kazi kwa siku mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au akiwa kwenye kazi isiyotarajiwa kumalizika ndani ya muda wa miezi mitatu, basi ajira yake inageuka kuwa ya mwezi, pamoja na notisi na haki zinazofuata. Sheria haimwombi mwajiri ruhusa, ajira inageuka yenyewe. Wenye hila wamejifunza kuwapumzisha watu siku chache kabla ya mwezi kutimia na kuwarudisha baadaye, ili hesabu ianze upya. Lakini soma sehemu ya pili ya kifungu. Kushona suruali katika kiwanda kinachoshona suruali mwaka baada ya mwaka si kazi ya kumalizika ndani ya miezi mitatu. Kumimina chuma katika kiwanda cha chuma vilevile. Kwa maoni yangu kazi ya namna hiyo haikupaswa kabisa kuitwa ya kibarua.

Nijibu sasa wanaosema kwamba ukikaza sheria wawekezaji watahama. Hofu hii siidharau, maana kazi za EPZ ni za kweli, zinalipa karo na kodi za nyumba kuanzia Athi River hadi Kyumbi na ng'ambo yake. Sheria ya EPZ ya mwaka 1990 iliwapa wawekezaji miaka 10 bila kodi ya mapato ya kampuni, na misamaha mingine ya ushuru. Viwanda vya nguo vilivimba baada ya Marekani kufungua soko lake kupitia mpango wa AGOA wa mwaka 2000. Lakini miaka ile ya mwanzo viliachwa pia nje ya sheria ya viwanda, ile ile ya usalama, kama vile mapafu na vidole vya watu ni ushuru mwingine wa kusamehewa. Matokeo yake tuliyaona. Januari 2003, serikali mpya ilipoingia na watu wakaamini mlango umefunguka, maelfu ya wafanyakazi wa EPZ waligoma. Hasira iliyozibwa kwa miaka ilitoka kwa majuma machache, na ikawagharimu wenye viwanda oda na siku nyingi za uzalishaji. Sheria ya 2007 haikurudia kosa lile, inashika kila mahali pa kazi. Na kuhusu kuhama: mwekezaji huja kwa soko, kwa bandari, kwa umeme, kwa watu waliosoma. Mpango wa AGOA ulipokaribia mwisho wa muda wake, Septemba 2025, kilichowakosesha usingizi wenye viwanda kilikuwa ushuru wa Marekani. Kamati ya usalama haikuwa kwenye orodha ya hofu zao.

Bangladesh ni funzo lililo wazi zaidi, kwa kuwa ndiyo nchi tunayotishiwa nayo kila siku. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua watu 1,134, wengi wao washonaji. Siku moja kabla nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani, na watu wakaambiwa warudi kazini. Baada ya hapo ulitiwa saini mkataba wenye nguvu ya kisheria kati ya makampuni ya kununua nguo na vyama vya wafanyakazi, viwanda zaidi ya elfu moja vikakaguliwa, na ripoti zikawekwa wazi. Wapo waliosema biashara itakwisha. Mauzo ya nguo za Bangladesh yalipita dola bilioni 30 kwa mwaka kabla ya 2020. Kilichokuwa kinahitajika ni mkaguzi asiyelipwa na anayekaguliwa, na ripoti isiyofichwa. Ni njia ile ile ya akina Horner.

Wapo pia wanaosema: mwacheni, amekubali mwenyewe. Hakuna aliyemfunga kamba. Mvua imekosekana Ukambani misimu mingapi, na mia chache za getini ni bora kuliko kukaa bure. Hoja hii ina huruma ndani yake, na mara nyingi hutolewa na wazazi wenyewe. Nawaheshimu, lakini siikubali. Mtu anayechagua kati ya njaa na mashine isiyo na kinga amechagua, ndiyo, ila uchaguzi huo hauwezi kuwa kipimo cha haki ya aliyemwajiri. Sheria za kazi ziliwekwa hasa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, kwa kuwa mwenye shamba la kumwagilia na akiba benki hahitaji kulindwa na mkaguzi, anaondoka tu. Ukame ukiwa sababu ya kulegeza sheria, basi tutakuwa tumesema kwamba kadiri mtu anavyozidi kuwa na shida ndivyo mwili wake unavyozidi kuwa rahisi. Katiba yetu ya 2010, katika ibara ya 41, inampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, mazingira ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama na kugoma. Haikuongeza maneno "mvua ikinyesha".

Wengine watasema sheria zote hizi nimezitaja mwenyewe, basi nalalamika nini? Nalalamikia pengo kati ya kitabu na geti. Mkaguzi mmoja hawezi kuvifikia viwanda vyote kuanzia Mlolongo hadi Athi River, na hata akifika, hatari anayoambiwa ni ile tu ambayo kuna mtu wa kumwambia. Sheria inadai kila mahali pa kazi pakaguliwe usalama wake na mshauri aliyesajiliwa angalau mara moja kila miezi 12. Ripoti hiyo ibandikwe getini, kwa Kiswahili, mahali anapoweza kuisoma kila anayeingia na kila anayesubiri kuchaguliwa. Serikali ya Kaunti ya Machakos inapotoa leseni ya biashara, iulize ni wangapi walioajiriwa kwa mwezi na ni wangapi wa siku. Serikali ya kitaifa inapotoa misamaha ya kodi, iitoe kwa wanaotii kifungu cha 37. Ninayoyaomba hayahitaji Bunge kukaa upya.

Na tusidhani madhara yanaishia ukutani mwa kiwanda. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichokuwa na leseni ya EPZ kiliwamwagia majirani sumu ya risasi, hata watoto wakaonekana nayo kwenye damu. Aliyeanza kupiga kelele alikuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, baada ya mwanawe kuugua. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Angalia mtiririko wake: aliyejua kwanza alikuwa ndani. Kijiji kizima kinachozunguka kiwanda kinategemea kwamba wale walio ndani wanaweza kusema na bado wakaingia kazini kesho yake. Konza itakapojaa na viwanda vikasogea Kyumbi, jambo hili litakuwa la kila mwenye kisima na kila mwenye mtoto.

Basi neno langu la mwisho ni kwako wewe unayekwenda getini kesho asubuhi, na kwenu wazazi wenye watoto waendao. Nunua daftari dogo. Kila jioni andika tarehe, jina la kiwanda, sehemu uliyofanya kazi, msimamizi aliyekupanga na pesa ulizolipwa, na kama ulilipwa kwa simu usifute ujumbe. Ukiumia, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa ya ajali kwa ofisi ya usalama na afya kazini ndani ya siku 7. Nenda mwenyewe uulize kama imefika. Na ukifika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi usiogope kwa kukosa mkataba, kwa maana kuuandika mkataba ni wajibu wa mwajiri, na asipouonyesha mbele ya jaji, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba masharti unayodai hayakuwa hivyo.